Festi yia, simu iache rumu

Wadogo zangu mnaoingia chuo mwaka huu, kuna kitu nilikijua nimeshachelewa, nimeshakula sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu mwaka wa pili. Mtaambiwa sana habari za pombe na kampani mbaya, sawa, ni kweli, ila mimi sikunywa na starehe sikuenda, kila siku saa mbili usiku nipo kimbwetani, zile meza za nje za kusomea, na madesa (notisi) yangu, simu nimeilaza kifudifudi pembeni. Sasa kimbweta ni zege, simu ikitetemeka pale unaisikia mpaka kwenye kiwiko, vuuu, unaigeuza, kumbe mtu katupia stika kwenye grupu, unarudi kwenye desa unaanza ule mstari upya, hujafika nusu, vuuu tena. Saa tano nafunga daftari niko ukurasa wa nne na nimechoka kabisa, ndo maana niliamini nasoma sana.

Watu wanasema jikaze. Nilijikaza, haikusaidia, maana kujizuia usiishike nayo ni kazi na inafanywa na kichwa hichohicho unachotaka kikokotoe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliwapima watu karibu 800, wengine simu iko mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine, na zote zimezimwa sauti. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioweka mezani. Yaani haikuita, haikutetemeka, kukaa tu pale ilitosha kuwapunguzia.

Basi mimi nikawa naifungia kwenye tranka rumu, naondoka na saa ya mkononi. Wiki ya kwanza nasikia mtetemo mapajani, napapasa, mfuko mtupu! Usiogope hiyo, inapita.

Najua utasema grupu la darasa je, CR, yaani kiongozi wa darasa, akitangaza venyu ya kipindi imehama? Ni kweli, hilo huwezi kuleft. Ila la hosteli, la mliomaliza nao form six, la harusi ya binamu, yote weka myuti, chagua ile ya daima kabisa siyo ya masaa 8. La darasa fungua asubuhi kabla ya kipindi na usiku ukirudi, tangazo la kesho utalikuta palepale halijaenda popote.

Asiye na laptop ndo ana mtihani mgumu zaidi maana madesa yote ni PDF kwenye simu, na huyu namwonea huruma kwelikweli. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, kabla ya kiatu, tenga hela ya steshenari uprinti past pepa na zile sura zinazokusumbua. Zilizobaki zidownload mchana, halafu usiku zima data. Siyo sailensi, zima data.

Na mama nyumbani mwambie mapema. Mimi sikumwambia, akapiga mara sita usiku mmoja akajua nimepatwa na jambo, hakulala. Siku hizi wote kwetu wanajua, saa mbili mpaka saa nne sipatikani, kukiwa na dharura wanapiga kwa rumeti, yeye anajua kimbweta nilichokaa.