Kutazama sawa, neno la siri hapana

Mdogo wangu, umeuliza kama mwajiri anayekufanyia usaili wa kazi ya uhasibu hapo Dodoma ana haki ya kudai neno la siri la Facebook yako. Hapana. Ulichoweka hadharani atakisoma, kama anavyokisoma jirani yako wa Nkuhungu, na hapo huna cha kulalamika. Lakini neno la siri linafungua hadi meseji za ndani, na humo hazimo siri zako tu: yumo dada aliyekuandikia habari za ugonjwa wake, wamo wenzako wa kikoba. Hao hawajaomba kazi kwa mtu.

Kuna mwenzetu kasema ukikubali mwenyewe kutoa neno la siri hakuna kosa. Kukubali kupi? Kazi ni chache, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) peke yao wanajaza ukumbi, halafu unaambiwa "ni hiari yako". (Hiari ya mwenye njaa hiyo.)

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali, na ziwe zinazohitajika kwa lengo hilo tu. Meseji za shemeji yako zinahusianaje na uhasibu? Huko Marekani jimbo la Maryland lilipiga marufuku mtindo huu tangu 2012.

Wakikuuliza tena, jibu kwa adabu kwamba ukurasa wako uko wazi, wautazame. Waking'ang'ania, waombe waandike hilo takwa kwenye barua. Malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.