Ahmedabad kuna maisha? Jibu langu kwa mnaotaka kuja

Wadogo zangu, kila mkinipigia swali ni lile lile: Ahmedabad, huko India, kuna maisha? Mtu akija kusoma anaweza kujitafutia huku huku?

Nianze na hilo la kujitafutia, maana ndilo linaloumiza watu. Haiwezekani. Viza ya masomo ya India hairuhusu kufanya kazi, na vibarua vya kujificha vinalipa ujira ambao hautoshi hata kodi ya chumba. Anayekuja aje akijua ada, kodi na chakula vitatoka wapi mpaka amalize, au awe amepata ufadhili wa serikali ya India kupitia ICCR, baraza lake la uhusiano wa kitamaduni. Anayewaambia mtatuma hela nyumbani mkiwa mwaka wa kwanza anawadanganya.

Kupata chumba ni kazi nyingine. Kwenye simu dalali anasema kipo. Mwenye nyumba akishaniona, kimeshachukuliwa. Wengine watakuuliza kwanza kama unakula nyama, kwa sababu kuna majengo mengi ya Wahindu na Wajaini ambako nyama haiingii jikoni, na kamati ya wakazi inafuatilia. Hilo naliheshimu, ni imani yao. Pombe imepigwa marufuku Gujarat, jimbo lenye mji huu, tangu lilipoundwa mwaka 1960, kwa hiyo wazazi wanaohofia ulevi wapunguze wasiwasi. Ila njiani utakodolewa macho, utapigwa picha bila kuombwa, na wapo watakaokuita habshi, yaani Mwafrika, kwa dharau. Inauma kila mara.

Sasa twende Lal Darwaja, kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni msikiti mdogo uliokamilika mwaka 1573, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi katika utawala wa Gujarat. Ukutani kuna madirisha ya mawe yaliyotobolewa kwa patasi yakawa mti wenye matawi yanayosokotana, mwembamba kama uzi wa kufumia, na jua linapita katikati. Ndiyo nembo ya mji huu. Hata IIM, chuo kikubwa cha biashara cha hapa, kimechukua nembo yake humo. Mji mzima unajivunia kazi ya Mwafrika, halafu mwanafunzi Mwafrika ananyimwa chumba! Hilo linanikera kuliko macho ya barabarani, na ninawaambia wenyeji hivyo hivyo wakinipa nafasi.

Msiache kuja kwa sababu hiyo. Mji wenyewe una mengi. Sultani Ahmad Shah aliuanzisha mwaka 1411 upande wa mashariki wa mto Sabarmati, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mji wa kale umejaa pol, yaani mitaa iliyofungwa kwa lango, vichochoro vyembamba na nyumba za mbao zilizonakshiwa. Aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar ataona undugu wa milango, maana Wagujarati waliipeleka nakshi yao kule. Manek Chowk mchana ni soko la sonara. Usiku meza zinapangwa na watu wanakula mpaka usiku wa manane. Ng'ambo ya pili ya mto ndiko kwenye vyuo vingi na maghorofa. Ashram ya Gandhi iko ukingoni mwa mto. Hapo ndipo alipoondokea tarehe 12 Machi 1930 kwa miguu kwenda Dandi, kijiji cha pwani, kupinga kodi ya chumvi.

Nje ya mji, mwende Adalaj, mwendo mfupi kuelekea kaskazini. Ni kisima cha ngazi kilichokamilika mwaka 1499, ghorofa tano kwenda chini ya ardhi, na kila ukishuka baridi inaongezeka. Mtaelewa kwa nini walikichimba mkishaonja Mei ya huku: tarehe 20 Mei 2016 joto lilifika nyuzi 48. Mtu wa Dar anayejiona amezoea joto hajaona kitu. Mchana wa Mei usitoke bila maji, tena usitoke kama huna ulazima.

Chakula hakitawatupa. Chapati, kachori, bajia, chai ya maziwa, bajaji za kupanda: vyote mnavijua. Na utakutana na wazee waliozaliwa Mombasa, Mwanza au Kampala. Kiswahili chao bado kipo. Mmoja wao ndiye aliyenidhamini nikapata chumba ninachokaa mpaka leo, baada ya wengine kunikataa, na sitamsahau.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa wakala yeyote, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama chuo unachotaka kinatambulika. Ukishafika, jiandikishe kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14. Na wewe unayetaka famasia, nitumie jina la chuo nikakione kwa macho yangu kwanza, maana vingine ni vizuri kwenye karatasi tu.