Mbona Michelle Obama ni wa kijivu? Maswali yenu kuhusu Amy Sherald

Wiki iliyopita niligusia picha ya Michelle Obama iliyochorwa na Amy Sherald, mchoraji Mweusi wa Marekani, mistari minne tu, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali sita. Mengine yalikuwa matusi matupu, nimeyaacha yalipo.

Nimeitazama picha hiyo mara tatu. Sura haifanani, na ngozi ni ya kijivu kama majivu ya jikoni. Marekani hakuna rangi ya kahawia? (Msomaji, Tanga)

Ipo, ndugu yangu, na Sherald anaijua. Ameamua kuiacha. Watu wake wote huwapaka ngozi ya kijivu, na kijivu chenyewe hukipata kwa kuchanganya nyeusi na njano ya Naples (njano iliyopauka), ndiyo maana kina joto kidogo, hakifanani na saruji. Mwanzoni alivutiwa tu na jinsi kinavyokaa karibu na nguo za rangi kali. Baadaye akaona faida nyingine: mtazamaji hukutana na mtu kwanza, habari za rangi ya ngozi zinafuata nyuma.

Kuna na picha za zamani. Mwaka 1900 W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, alipeleka Paris, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, mamia ya picha za Wamarekani Weusi, wengi wao wamevaa vizuri na kutulia mbele ya kamera. Wakati huo wachoraji ambao kazi zao ziliingia makumbusho hawakuwa na haja nao. Kamera ndiyo iliyowatunza, kwa nyeusi na nyeupe. Ukilijua hilo, kijivu cha Sherald kinaanza kuonekana kama heshima.

Kuhusu sura, nakubaliana nawe nusu. Nami nilimtafuta Michelle wa televisheni, yule wa kicheko, sikumpata. Badala yake kuna mwanamke aliyeegemeza kidevu mkononi, hana haraka ya kumpendeza mtu. Halafu lile gauni! Linashuka kama mlima, na maumbo yake yanakumbusha mablanketi ya viraka ya wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama. Picha ilizinduliwa kwenye makumbusho ya taifa ya picha za watu, Washington, tarehe 12 Februari 2018, na watu walijaa hadi makumbusho yakalazimika kuihamishia ukumbi mkubwa zaidi.

Wanamwita mchoraji wa uhalisia wa Kimarekani. Uhalisia gani huu ambao ngozi si rangi yake na nyuma hakuna hata ukuta? (Mwalimu wa sanaa, Morogoro)

Mwalimu, swali hili nililisubiri. Wakubwa wa uhalisia wa Kimarekani hawakuwa wanakili. Chukua Nighthawks ya Edward Hopper ya mwaka 1942, ule mgahawa wa usiku wenye kioo kikubwa: tafuta mlango wa kuingilia kutoka barabarani. Huuoni. Au Christina's World ya Andrew Wyeth, 1948. Jirani yake Christina Olson, asiyeweza kutembea, alikuwa na miaka 55; kiwiliwili tunachokiona nyasini Wyeth alikichora kwa kumtazama mkewe, Betsy, wa miaka 26. Hakuna aliyewavua jina la wahalisia. Walichokuwa waaminifu kwacho ni uzito wa mtu akiwa peke yake na mawazo yake.

Sherald yumo katika ukoo huo. Watu wake ni wa kweli: hukutana nao mitaani, huwaomba, huwachagulia nguo, huwapiga picha, kisha hurudi na picha hizo kwenye turubai. Hawalii, hawaandamani, hawaombi kuhurumiwa. Wamesimama tu. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi wake, kuliko hata kwenye kijivu kinachozungumzwa sana. Mtu Mweusi katika picha za Kimarekani alizoea kupewa kazi ya kufanya: abebe mzigo, apige banjo, ateseke. Kwa Sherald amepewa likizo.

Na tazama alikoanzia. Alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1973. Akiwa mtoto shule yao ilipelekwa kwenye makumbusho ya mji huo, akasimama mbele ya picha kubwa ya Bo Bartlett, mhalisia mwingine mzaliwa wa Columbus. Ndani yake alikuwamo mwanamume Mweusi mbele ya nyumba. Sherald husema hajawahi kabla ya siku hiyo kuona mtu anayefanana naye ndani ya picha ya makumbusho. Mwalimu, wapeleke watoto makumbusho hata kama basi ni bovu.

Mbona mke kachorwa na huyu, na mume katumbukizwa majanini na mwingine? (Msomaji, Kisumu)

Kila mmoja alimchagua wa kwake. Barack alimchukua Kehinde Wiley, na picha zilizinduliwa siku moja. Majani yale yana maua yanayosimulia maisha yake: yasmini kwa Hawaii, krisanthemamu kwa Chicago, na yungiyungi la buluu la Afrika kwa ajili ya baba yake, Mkenya. Ua hilo asili yake ni kusini mwa Afrika, si huko kwenu, lakini tusimgombeze mchoraji kwa nia njema.

Nina miaka 36, natumikia wateja hotelini, nachora usiku. Nimeshachelewa? (Kijana, Arusha)

Sherald alikuwa mhudumu wa mgahawa Baltimore hadi miaka 38. Alipata shahada ya uzamili mwaka 2004, na karibu wakati huohuo madaktari wakagundua moyo wake umedhoofika. Akaiacha brashi kwa miaka kadhaa akiuguza ndugu nyumbani. Desemba 2012 akapandikizwa moyo mwingine, ana miaka 39. Mwaka 2016 picha yake Miss Everything, ya binti mwenye glavu nyeupe na kikombe cha chai kikubwa kupita kiasi, ilishinda shindano la taifa la picha za watu na kumpa dola 25,000. Hakuna mwanamke aliyelishinda kabla yake. Sikuahidi chochote, kijana. Nakupa tarehe tu.

Ni kweli picha yake iliuzwa mamilioni? Basi ni tajiri. (Msomaji, Dar es Salaam)

Desemba 2020, The Bathers, wanawake wawili waliovaa nguo za kuogelea, ilifika dola milioni 4.265 mnadani New York. Makadirio yalikuwa 150,000 hadi 200,000. Ila hesabu nzuri, bwana: fedha hiyo ni ya aliyekuwa na picha. Sheria ya Marekani haimpi mchoraji mgawo kazi yake inapouzwa tena. Anachopata ni mauzo ya kwanza, na bei ya picha zijazo kupanda. Naye hakuweka kila kitu mfukoni: dola milioni moja za picha ya Breonna Taylor, aliyeuawa na polisi nyumbani kwake Louisville mwaka 2020, zilikwenda kusomesha wanafunzi katika chuo kikuu cha mji huo.

Maonyesho yake ya Washington yalifutwa kwa nini? (Msomaji, Minneapolis)

Aliyaondoa mwenyewe, Julai 2025. Kulikuwa na picha ya mwanamke aliyebadili jinsia akiwa katika pozi la Sanamu ya Uhuru. Sherald alisema aliambiwa inafikiriwa kuondolewa. Makumbusho yakasema yalitaka tu kuongeza video ya maelezo. Maonyesho yakaenda Baltimore, mji uleule alikokuwa akibeba sahani za wateja.

Na wewe wa Arusha, kabla sijasahau: njano ya Naples ikikosekana dukani, changanya nyeupe na okra (njano ya udongo, si bamia), tia nyeusi kidogokidogo. Nyeusi ina tabia ya kumeza kila kitu.