Barua kwa mwanangu: dola iliyokatwa njiani

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Moshi tu wazima. Masika yameanza, mlima haujaonekana siku ya nne leo, na baba yako goti limetulia, ameanza tena kupalilia migomba.

Jumapili uliniuliza kwenye simu: Marekani ilikuwa nchi moja, yenye rais mmoja, iweje kila benki ichape noti zake? Na sheria ya benki iliwezaje kuleta fedha moja? Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado linanigusa, kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Mpaka wa Holili ulipofunguliwa tena mwaka 1983, nilikuwa navuka na bibi yako kwenda Taveta, upande wa Kenya, kuuza ndizi. Jioni bibi alikaa juu ya gunia tupu, akafungua fundo la khanga, akazitoa noti za Kenya na kuinua moja moja kwenye jua. Kisha akaenda kwa wabadilisha fedha waliosimama chini ya mti. Wa kwanza akitaja bei, anakwenda kwa wa pili. Ndizi zile zile, jasho lile lile, lakini kitakachofika nyumbani kilimtegemea aliyesimama pale siku hiyo.

Sasa hebu fikiri ukatwe hivyo ukitoka Moshi kwenda Same, ndani ya nchi yako mwenyewe. Ndivyo Marekani ilivyokuwa kabla ya 1863. Benki zilipewa leseni na majimbo, kila moja ikatoa noti zake, na aina zikafika maelfu. Noti ya benki ya mbali ilipokewa kwa pungufu ya thamani iliyoandikwa, kwa sababu dhahabu au madini ya fedha ya kuilipa yako huko ilikotoka, na nani ajue kama benki yenyewe bado ipo? Wafanyabiashara walinunua vijarida vya kuwaonyesha noti zipi ni bandia na benki zipi zimeanguka. Mwenye duka anashika noti mkono huu, kijarida mkono huu, mteja anasubiri chumvi yake.

Kilichowasukuma viongozi kilikuwa vita, huruma kwa mwenye duka ilikuja nyuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1861 na serikali ikahitaji fedha nyingi. Waziri wa fedha, Salmon P. Chase, aliipigania sheria mpya, Abraham Lincoln akaitia saini Februari 25, 1863, na mwaka uliofuata ikaandikwa upya. Benki iliyotaka leseni ya taifa ilinunua hati fungani za serikali, yaani karatasi za kuikopesha serikali, na kuziweka Hazina kama dhamana. Ndipo ilipopewa noti, zisizozidi asilimia 90 ya dhamana hiyo. Serikali ikapata mkopo wa vita, na mwenye noti akapata kinga benki ikifilisika. Noti zilikuwa na sura moja, zikitofautiana jina la benki na mji.

Wengi husifu ile sura moja. Mimi nasifu sharti jingine: kila benki ya taifa ililazimika kupokea noti ya mwenzake kwa thamani kamili. Noti ya Boston ikifika benki ya taifa ya Chicago, haikatwi kitu. Bibi yako angelielewa hilo bila kufundishwa.

Benki nyingi za majimbo hazikutaka kuhama. Machi 1865 Bunge likaziwekea noti zao kodi ya asilimia 10, ikaanza kutumika 1866, na noti hizo zikatoweka kwenye mzunguko. Benki zenyewe baadaye ziliinuka tena kwa akaunti na hundi, ambazo kodi ile haikuzigusa. Wewe unayekaa dirishani benki kila siku utaona mara moja jinsi walivyopata upenyo.

Lakini usidhani kila mtu alinufaika. Hata mji mdogo ulihitaji mtaji wa dola 50,000 kufungua benki ya taifa, na majimbo ya Kusini, yaliyotoka vitani yamechakaa, yalipata benki chache mno. Tena wingi wa noti ulifuata hati fungani, haukufuata mavuno. Wewe umekulia kwenye kahawa, unajua msimu ukifika kila mtu anataka fedha kwa wakati mmoja. Wakulima wa huko waliumia hivyo miaka mingi, hadi sheria ya 1913 ilipounda Federal Reserve, benki kuu yao.

Sisi tulipita njia ya kinyume. Tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyosimamiwa na Bodi ya Sarafu, kwa miaka mingi kutoka London. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa yake. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 14 mwaka huo. Mwanzoni shilingi hizo zilibadilishana sawa kwa sawa. Usawa huo ulipokwisha, ndipo wale wa chini ya mti walipopata kazi.

Kwenye kopo la majani ya chai la bibi bado kuna noti mbili za Kenya. Siku ile alitajiwa bei akaikataa, akazifunga tena kwenye khanga, tukarudi nazo. Ukija Krismasi nitakuonyesha.

Mama yako