Msondo wa babu yako usiuvue umri wake: barua kwa mwanangu

Majengo, Pumwani
Nairobi, mwezi wa saba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nimeziona picha zako tatu za msondo wa babu yako, ile ngoma yake ndefu, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza kama uupige msasa mpaka ile rangi ya buluu iishe yote na mbao itoke kama mpya, halafu uupake vanishi ing'ae, ukae sebuleni. Na kama umpe yule kijana wa jirani mwenye mashine aumalize asubuhi moja. Umesema pia unaogopa kuuharibu. Sikutaka kukujibu kwa simu, ukanisikiliza huku unageuza chapati, ndiyo maana naandika.

Mashine, hapana. Vanishi ya kung'aa, hapana. Msasa, ndiyo, lakini kidogo kuliko unavyofikiria, na si leo, na si hapo kwako.

Nianze na hilo la hapo kwako, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Rangi ile aliipaka mjomba wako kabla hujazaliwa, kwa mabaki ya rangi ya geti. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Ikitulia juu ya mbao haina neno kubwa. Ukiikwangua ikiwa kavu inageuka vumbi, vumbi linatua kwenye zulia, na mjukuu wangu anatambaa juu ya zulia hilohilo akitia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya hawajapata kiwango chochote wanachoweza kukiita salama. Basi ufunge msondo kwenye shuka kuukuu, usiuguse tena, uulete huku Majengo. Uani kwangu kuna bomba, kuna kivuli, na hakuna mtoto. Tutatumia ile karatasi nyeusi ya msasa inayovumilia maji, tuichovye kwenye maji ya sabuni, tuitoe rangi ikiwa imelowa ili vumbi lisipate kuruka. Vitambaa vya kufutia tutavifunga mfukoni na kuvitupa, wala havitafuliwa pamoja na nguo. Na mtu asikwambie uichome kwa moto ili ibambuke. Moto ndio unaoipandisha risasi hewani ukaivuta puani.

Ngozi nayo isikwanguliwe kavu. Naona ina manyoya bado pembeni, chini ya vigingi. Ngozi iliyokaushwa juani bila kutiwa dawa inaweza kubeba vimelea vya kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, navyo hulala miaka na miaka bila kufa. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta baada ya kushughulika na ngozi mbichi za mbuzi alizokuja nazo kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 2008 mwingine, wa London, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Sisemi ngozi ya babu yako ina kimeta. Imepigwa harusini miaka yote ile na hakuna aliyedhurika. Lakini kuipiga ni jambo moja na kuikwangua ni jingine. Tutaifunika kwa kitambaa cha maji usiku kucha ilainike, tuikate ikiwa imelowa, tuitupe, barakoa ikiwa usoni.

Sasa mbao yenyewe, ndiyo hasa nilitaka kukuandikia.

Babu yako alikuwa akisema msondo huu ni wa mringaringa, mti ambao jirani zetu Wakikuyu huuita muringa. Ni mti wa ngoma na mizinga tangu zamani, kwa kuwa mbao yake ni nyepesi na haimsumbui mchongaji. Usiku, ukishazima taa, washa tochi ya simu uiegemeze ubavuni mwa msondo, mwanga upite sambamba na mbao. Utaona vijibonde vidogo vidogo vimepangana kama magamba ya samaki. Hizo ni nyayo za tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Kila kijibonde ni pigo moja la fundi. Alichonga, akageuza gogo, akachonga tena. Kisha ushushe mwanga mpaka pale msondo unapoanza kuwa mwembamba. Kuna sehemu mbili, moja kila upande, hazina vijibonde kabisa. Ni nyeusi, laini kama kokwa ya ukwaju. Hapo ndipo magoti ya babu yako yalipoubana, harusi baada ya harusi, kuanzia baada ya isha mpaka alfajiri. Jasho lake limo humo. Rangi ya mjomba wako haikuweza kushika vizuri mahali hapo, ndiyo maana unaona imebanduka yenyewe. Msasa namba 80, ule mkali (namba ikiwa ndogo, ukali huzidi), utaiondoa sehemu hiyo kwa dakika mbili, na hakuna mafuta wala vanishi itakayoirudisha.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuyafanya. Unakumbuka nilivyokuwa nikitunza stoo ya ngoma za shule. Mwaka mmoja tulipewa na mzazi seti ya isukuti, zile ngoma tatu za Waluhya, kubwa, ya kati na ndogo, kuukuu lakini nzima. Mashindano ya muziki yalikuwa yamekaribia, nami nikataka ziwake jukwaani. Nikaazima mashine, nikazikwangua mpaka mbao ikawa nyeupe, nikapaka vanishi mikono mitatu, mizito, hadi kwenye mdomo wa ngoma. Zikang'aa kweli. Lakini mashine ilikuwa imekula mdomo upande mmoja, ngozi haikukaa sawa, na ile kubwa ikawa inatoa mlio wa kukereza kila ikipigwa katikati. Mzee aliyekuja kuwafundisha watoto aliipakata, akaipapasa, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ile ngoma mliyopewa iko wapi?" Nilimwambia ndiyo hiyo. Hakusema neno lingine. Mwaka 2014 nilipopata habari kwamba UNESCO imeiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, nilimkumbuka yule mzee, nikaumia upya.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda Kariokor kwa fundi mmoja, mtu wa Pwani, nikajifunza kwa miezi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kabla ya karatasi za dukani kulikuwa na mti wenyewe, msasa, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo. Aliniambia: mkono uende kama unayemkanda mtoto, si kama unayesugua sufuria.

Kwa hiyo tutafanya hivi. Rangi ikishatoka, msondo utakaa kivulini wiki nzima ukauke. Baridi hii ya Julai haina haraka, nasi tusiwe nayo. Tutakata kipande cha patipati kuukuu, tukizungushie karatasi ya msasa, kwa sababu patipati hupinda kufuata mviringo wa ngoma, lakini kipande cha ubao kingetengeneza bapa. Namba 120 tutaigusisha pale tu penye vibanzi na mikwaruzo, tukifuata nyuzi za mbao, kamwe tusizikate. Kisha namba 180 kwa mkono mwepesi. Juu ya nyayo za tezo tutapita tu, bila kuingiza msasa ndani ya vijibonde. Buluu kidogo ikibaki humo, na ibaki. Zile sehemu za magoti hazitaguswa na karatasi yoyote. Kitambaa chenye unyevu, basi.

Kuna hatua moja ambayo watu huiruka. Ukimaliza namba 180, pitisha kitambaa chenye maji juu ya mbao yote, uiache ikauke. Ukirudi na kuipapasa utashtuka: mbao uliyoiacha laini imekuwa na vinyweleo, kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Ni nyuzi zilizokuwa zimelazwa na msasa, maji yamezisimamisha. Hapo sasa namba 220, mara mbili tatu tu, uzinyoe. Usipofanya hivyo zitasimama siku ya mafuta, na utakuwa umechelewa.

Mdomo wa ngoma ni kazi peke yake. Tutabandika karatasi ya namba 120 juu ya kigae cha sakafu kilichonyooka, tuupindue msondo, mdomo ukae juu ya karatasi, tuuzungushe polepole. Kabla ya hapo tutauchora mdomo wote kwa penseli. Mahali ambapo penseli haifutiki ndipo palipobonyea. Tukiona imefutika mduara mzima, tunasimama, halafu tunaupunguza ukali ukingo wake kwa namba 220 ili usije ukaikata ngozi. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya msondo nitakayokuruhusu uifanye iwe kamili.

Ule ufa unaoanzia mdomoni, urefu wa vidole vinne, si wa zamani. Umetokea kwako. Msondo ulikuwa kwenye stoo yangu yenye unyevu, wewe ukauweka roshani penye jua, mbao ikanywea ghafla. Sikulaumu, hukujua. Tutachonga kibanzi chembamba cha mti uleule, tukisukumie ndani na gundi nyeupe. Gundi itakayotokeza tuifute kwa kitambaa cha maji papo hapo, kwa sababu ikikauka juu ya mbao haipokei mafuta, na utabaki na doa jeupe linalokutazama kila siku.

Na badala ya vanishi, mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, aina iliyotiwa dawa ya kukausha, yanapatikana hadiwea. Vanishi hukaa juu ya mbao kama nailoni. Siku ikichubuka, inachubuka vipande, na mkono wenye jasho huteleza. Mafuta huingia ndani. Tutapaka kidogo kwa kitambaa, tusubiri robo saa, tufute yote yaliyobaki juu mpaka mkono usinate. Siku mbili au tatu kwa baridi hii, kisha tena. Mara tatu inatosha. Utaona rangi ya mringaringa ikijitokeza, kahawia yenye wekundu kwa mbali.

Lakini mwanangu, vitambaa vya mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo huweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kishike. Nimeona kimoja kikitoa moshi pale kwa fundi, mchana, kwenye boksi la maranda. Hutandazwa kwenye kamba kimoja kimoja nje, au hulowekwa kwenye maji. Nalisema hili kwa sababu najua utataka kuupaka tena mwenyewe siku moja, nami sitakuwepo.

Kuwamba tutawamba pamoja. Ngozi nitaagiza Kiamaiko, ya mbuzi aliyechinjwa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, jike ikiwezekana, maana naipenda zaidi wembamba wake. Tutailoweka usiku mmoja. Umesikia tangu utotoni kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watu wanaisema kwa maana ya binadamu, na ni kweli, lakini fundi wangu alikuwa akiikataa kazini: ukishapiga kigingi upande wako, kinachofuata kipige upande wa mwenzako, kisha kulia, kisha kushoto, mvutano uwe mmoja. Ndiyo maana nataka tuwe wawili. Baada ya hapo itakauka kivulini siku nne tano. Ukiianika juani itakaza ghafla upande mmoja na kuchanika.

Itakapokauka sauti yake haitakuwa ile uliyoisikia utotoni. Itakuwa ya juu, kavu kidogo. Ngozi mpya hulainika kwa kupigwa, basi uupige, na mtoto naye aupige. Babu yako alikuwa akiupasha kwenye moto wa makaa kabla ya kuanza; wewe utausogeza tu karibu na jiko, mbali kiasi cha mkono kuvumilia.

Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri, mtoto abaki na baba yake. Beba barakoa mbili za kuzuia vumbi, si zile za kitambaa. Na vile vigingi vilivyodondoka usivitupe. Nimevihesabu kwenye picha ya tatu, ni saba, na vilivyobaki kwenye msondo ni tisa. Vilikuwa kumi na vinane. Angalia chini ya kochi, na kwenye shuka uliloubebea.

Mama yako