Jibu: Seli za retina zinakufa, mbona bado nasoma vizuri?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje daktari aseme seli za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zinakufa, ilhali mchana unasoma bila shida na usiku tu ndio unajikwaa. Nina ugonjwa huohuo wa kurithi, retinitis pigmentosa, na mwanzoni nilibisha kama wewe.

Retina ina seli fimbo takriban milioni 120 za mwanga hafifu, na koni kama milioni 6 za mchana na rangi. Kwetu fimbo ndizo hutangulia kufa. Seli za safu inayofuata, zile zinazopokea ishara, hazikai kusubiri: zikifiwa na fimbo zao huweza kuchipua vijitawi kuelekea koni zilizobaki, na ishara dhaifu hukuzwa. Ubongo nao huziba mapengo. Hasara hujificha miaka. (Ukarabati huo una kikomo, koni zikiisha, miunganisho hujisuka ovyo.)

Basi usijipime kwa herufi za ukutani. Anza na kipimo cha upana wa kuona. Mimi nilipata 6/6 (alama ya kawaida ya herufi hizo) huku pembeni kumeshakwisha. Kisha ulizia kipimo cha umeme wa retina na cha jeni. Ikiwa ni jeni ya RPE65, ipo tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Vidonge vya vitamini A usijiandikie mwenyewe.