Kugawa na kutamka "anticonstitutionnellement"

Ndugu uliyeuliza namna ya kutamka neno la Kifaransa "anticonstitutionnellement", yaani kwa namna inayokiuka katiba: katika maandishi neno hili lenye herufi 25 hugawanywa katika silabi tisa, an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment, lakini katika matamshi ya kawaida hubaki silabi nane, kwa sababu "e" ya "-le-" haitamkwi na sauti "l" hujiunga na silabi iliyotangulia.

Ugumu wake, kwa maoni yangu, hautokani na urefu bali na herufi "n". Katika "an", "cons" na "ment" herufi hiyo haitamkwi kama konsonanti. Huonyesha tu kwamba irabu inayoitangulia hutolewa kwa pumzi inayopita mdomoni na puani kwa pamoja, bila ncha ya ulimi kugusa ufizi. Kwenye "-tionnel-" hali hubadilika, kwani tofauti na neno "constitution", ambalo huishia kwa irabu ya puani, hapa "o" ni ya mdomoni na "n" husikika wazi, huku "t" ikitamkwa "s", hivyo tunapata takriban "syo-nel".

Kwa "tu", weka ulimi kana kwamba unatamka "i", kisha viringa midomo kama ya "u". Herufi "t" ya mwisho haisikiki kabisa, na mkazo huangukia silabi ya mwisho, si ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili.